Mwenye Mlango

Constantin alipofariki, funguo za nyumba yake ya Kampemba, mjini Lubumbashi, zilikuwa mikononi mwa watu wengi kuliko alivyojua mkewe. Alikuwa amefanya kazi relini maisha yake yote, mtu wa kupenda watu, na kila ndugu aliyelala kwake wiki mbili tatu aliondoka na ufunguo mfukoni ili siku akirudi asisumbue mtu. Marceline, mkewe, hakuwahi kulalamika. Nyumba ilikuwa na watu siku zote.

Kifo kikageuza mambo. Matanga yalikuwa bado mabichi Marceline aliporudi kutoka misa Jumapili moja, akakuta mlango umefungwa vizuri kama alivyouacha, lakini kabati la marehemu liko wazi. Suti hazikuwepo. Redio haikuwepo. Bahasha yenye hati za kiwanja nayo ilikuwa imeondoka. Hakuna kilichovunjwa, hata kikombe. Jirani alimwambia amemwona Désiré, kaka mkubwa wa marehemu, akiingia mikono mitupu na kutoka na mfuko. Désiré mwenyewe hakukana. Alisema vitu vya ndugu yake ni vya ukoo, na kwamba hati zitakaa salama zaidi kwake kuliko kwa mjane. Padri wa parokia aliingilia kati, hati zikarudi. Suti na redio hazikurudi.

Ndipo Gauthier, mtoto wa kwanza, alipokuja kutoka Kolwezi na kitasa ndani ya boksi.

Gauthier alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi mmoja huko, mtu mtaratibu, mwenye kusoma maelekezo yote kabla ya kugusa kitu. Alimwita Clément, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeishi lupango la pili, kiwanja cha jirani, wakaondoa mlango wa mbao na kusimamisha wa chuma, kisha wakafunga kile kitasa kipya. Kilikuwa na kioo cheusi chenye tarakimu na mahali pa kuweka kidole. Mlango ukirudi, kinajifunga chenyewe. Kupitia kisanduku cha intaneti kilichowekwa nyuma ya televisheni, kilizungumza na simu ya Gauthier popote alipokuwa: nani ameingia, saa ngapi. Kulikuwa pia na funguo mbili za chuma za dharura. Hizo Gauthier alizitia mfukoni mwake akarudi nazo Kolwezi, ili mtu yeyote asije akachongesha nyingine sokoni.

Kidole cha Wivine, binti aliyeishi na mama yake, kilikubaliwa mara ya kwanza. Cha Marceline kilikataa. Walijaribu kidole gumba, cha shahada, wakahamia mkono wa kushoto, wakavifuta kwa kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, wakavipaka mafuta, wakavifuta tena. Jembe la shamba la Annexe, pembezoni mwa mji, na majivu ya kusugulia sufuria vilikuwa vimelainisha ngozi mpaka hakuna mstari uliobaki. Gauthier akamtafutia namba badala yake. Aliichagua yeye, akaiingiza kwenye simu yake, akamfundisha mama yake mpaka aliposhika.

Swali la Chola lilikuja siku hiyo hiyo. Chola alikuwa dada mdogo wa Constantin, aliishi mtaa wa nyuma, na aliuza samaki wa baridi, wale wanaoitwa tomsoni, katika soko dogo la karibu. Boksi zake zilikaa ndani ya friza kubwa la Marceline tangu zamani, kwa kuwa upande wake umeme ulikatika mara kwa mara. Kila alfajiri aliingia na ufunguo aliopewa na kaka yake, akachukua samaki wake, akaondoka bila kuamsha mtu. Marceline akauliza Chola atapewa namba gani.

Gauthier alisema hapana. Tantine, yaani shangazi yake Chola, apige hodi kama wengine.

Marceline akamwambia kwamba Chola si Désiré.

"Mama, bote beko damu moja," Gauthier alisema. "Leo unamupa Tantine, kesho Papa mukubwa Désiré iko nayo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameona kabati la baba yake likiwa tupu, na hakutaka kuliona tena. Marceline akanyamaza.

Lakini kunyamaza hakukuwatoa samaki kwenye friza. Wivine alikuwa muuguzi katika kituo cha afya huko Annexe na aliondoka mapema. Wakati wa kupanda mahindi Marceline naye alikwenda shambani siku nyingi za wiki, na Bénie, mtoto wa Wivine, alikuwa shule. Chola alifika akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye veranda na beseni tupu hadi wateja wake wakanunua kwa mwingine. Alifanya hivyo siku kadhaa bila kusema neno. Siku moja walipokutana kwenye bomba la maji, Marceline alimnong'oneza namba. Hakumwambia Gauthier. Alijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza.

Huko Kolwezi Gauthier alizoea kutazama simu wakati wa chakula. Mwanzoni ilimfurahisha. Angeona kwamba mama ameingia, akampigia kumpa pole ya shamba. Kisha siku moja, akiwa anazungumza naye, akisikia nyuma ya sauti yake wanawake wakicheka na majembe yakigonga mawe, simu ikatetemeka sikioni mwake. Alipoitazama ilikuwa imeandika: Mama ameingia.

Hakuuliza. Alimaliza mazungumzo, akamtakia kazi njema. Usiku hakulala vizuri. Aliona sura moja tu, ya Désiré, amesimama mbele ya mama yake akimtaka namba, na mama yake akiitoa kwa woga. Asubuhi, kabla ya zamu, alibadilisha namba. Akatuma ujumbe kwenye simu ya mama yake wenye namba mpya, akaongeza kwamba asimpe mtu, atampigia akitoka kazini kumweleza. Halafu akaacha simu langoni kama sheria ya mgodi ilivyotaka, akaingia chini.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha Kampemba. Bénie alikuwa na malaria. Wivine alimpa dawa, akamfunika, akamwambia mama yake mtoto atalala sana na asimwamshe, kisha akaenda kazini. Marceline hakwenda shambani. Aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lake la makaa, pale veranda, akateleka maharage. Upepo ulipogeuka na mvua kuanza kuingia verandani, aliibeba mbabula na sufuria yake akaiweka jikoni, ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mlango aliuacha wazi, na kiti akakiegemeza ili usirudi, moshi upate kutoka. Simu yake ilikuwa mezani, inachaji. Hakuwa ameitazama tangu alipoamka.

Mvua ilipopungua Chola aliita kutoka langoni. Alikuwa amebeba boksi mbili za samaki kutoka kwa mwenye lori na hakuweza kulifungua lango. Marceline alitoka pekupeku kumsaidia. Walikuwa katikati ya kiwanja, kila mmoja na boksi kichwani, upepo ulipokisukuma kiti. Mlango ukarudi kwa kishindo. Wakasikia kitasa kikijifunga, ule mlio mfupi waliouzoea.

Chola alitangulia, akabonyeza namba. Taa ikawaka nyekundu. Akabonyeza tena, polepole. Nyekundu. Marceline alicheka, akamwambia samaki wamemlowesha vidole, akajipangusa akabonyeza yeye. Nyekundu. Alipojaribu tena kitasa kililia mara kadhaa, kisha tarakimu zote zikazimika.

Walitazamana. Marceline alisema lazima Gauthier amebadilisha. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayezungumzia mvua. Akafikiria kumwacha mtoto alale, aende kumsubiri Wivine kwa Chola. Ndipo harufu ya maharage ikapita chini ya mlango, na akakumbuka mbabula.

Lubumbashi kila mtu anamjua mtu, au anamjua mtu anayemjua mtu, aliyelala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi, akakutwa asubuhi amelala tu, hana jeraha. Makaa hayapigi kelele. Marceline alizunguka nyumba mbio hadi kwenye dirisha la chumba cha Bénie, akagonga kioo. Kupitia pazia aliona blanketi na kichwa cha mtoto. Aliita. Mtoto hakugeuka.

Chola alikuwa na simu yake. Alimpigia Gauthier, simu ikasema haipatikani. Akampigia Wivine. Wivine alipokea katikati ya kumdunga mgonjwa sindano, akasikiliza, na hakuuliza maswali mengi. Alisema kutoka kule alipo, kwa matope yale, pikipiki itachelewa.

"Bunjeni bioo," alisema. "Dirisha ya mutoto na ya jikoni, mbili zote, upepo upite. Musiningoye miye."

Mchi wa kutwangia ulikuwa umeegemezwa ukutani. Chola aliushika kwa mikono miwili, akaupitisha kati ya vyuma vya kuzuia wezi, akapiga. Kioo cha chumba kikaanguka ndani. Akakimbia upande wa jikoni akapiga na huko, na moshi mzito wa maharage yaliyoungua ukatoka. Marceline alibaki kwenye dirisha la chumba, mkono umeingia hadi begani kati ya vyuma, akiita jina. Vidole vyake viligusa pembe ya blanketi, akaivuta ikamjia mkononi peke yake. Bénie alitoa sauti ndogo, ya mtu anayeota. Hakufungua macho.

Clément alikuwa amekwisha kusikia vioo na alikuja na nyundo. Alitazama vyuma vya dirisha, vizito, ambavyo yeye mwenyewe alivichomelea zamani, akatikisa kichwa. Alisema mlango utakuwa wa haraka zaidi. Kuna nafasi ndogo kati ya bati na fremu, msumeno wa umeme ukipita pale utakata ulimi wa kitasa. Akamtuma mtu avute waya kutoka kwake. Alipokwisha kushika mashine akasita.

"Mama Gauthier, nikikata, hii serrure ya mulango inakufa. Gauthier aliniambia hata siku moja nisiguse bila yeye."

"Mulango ni wangu," Marceline alisema. "Kata."

Msumeno ulilia na cheche zikaruka hadi verandani. Kitasa nacho kikaanza kupiga kelele yake ya kutangaza wizi, na majirani wakatoka kutazama. Marceline alisimama nyuma ya Clément, karibu mno, mpaka akaombwa arudi nyuma, na hakurudi. Hakulia. Baadaye alimwambia Chola kwamba kwa muda ule wote alikuwa akifikiria jambo moja la kipumbavu: kwamba alikuwa amesimama mbele ya nyumba aliyoishi miaka yote ya ndoa yake, aliyozalia watoto wake, na hakukuwa na kitu mwilini mwake, si kidole wala neno, ambacho mlango ule ulikitambua.

Ulimi ulikatika. Clément akasukuma kwa bega. Marceline alifunika mdomo kwa kikwembe akapita katika moshi, akamtoa Bénie kitandani akiwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Chola alikwenda moja kwa moja jikoni, akainyanyua mbabula na sufuria yake kwa kanga yake aliyoivua kiunoni, akaitupa yote nje kwenye tope. Viganja vyake viliungua. Verandani Bénie alitapika, akalia kwamba kichwa kinamuuma. Marceline aliposikia kilio kile alikaa chini sakafuni na mtoto mapajani.

Wivine alifika ametapakaa matope hadi magotini. Alimtazama mtoto macho na midomo, akahesabu pumzi zake, akasema ana nafuu lakini ni lazima aende hospitali apewe oksijeni, kwa sababu malaria na makaa pamoja si kitu cha kukisia. Wakaondoka wote watatu, na Chola wa nne, mikono yake imefungwa kitambaa. Simu ya Marceline ilibaki mezani. Clément akachukua kiti akakaa mbele ya nyumba ambayo mlango wake haukufungika tena, kulinda.

Gauthier alipopanda juu na kupewa simu yake, aliona onyo: mlango umelazimishwa. Alimpigia mama yake, simu ikaita bila kupokewa. Akampigia Wivine, ambaye alikuwa amemshikilia Bénie kitandani na simu iko ndani ya mfuko. Akasimama pale kwenye uwanja wa mgodi, bado ana vumbi usoni, na ile sura ya Désiré ikamrudia. Akampigia.

Aliyomwambia hayafai kurudiwa yote. Alimwita mwizi wa mayatima. Alimwambia amekula suti za ndugu yake na sasa amekuja kula nyumba, na kwamba polisi watamfuata huko huko aliko. Désiré alikuwa kwake tangu asubuhi, na wageni wawili kutoka Likasi mbele yake, na sauti ya mtoto wa ndugu yake ilitoka kwenye simu kubwa kiasi kwamba wageni waliacha kula. Désiré alikata simu, akawaomba wageni radhi, akavaa koti, akaenda Kampemba.

Alimkuta Clément kwenye kiti chake. Clément akamweleza yote. Désiré alitazama mlango uliokatwa, akatazama vioo chini, kisha badala ya kuingia ndani akasimamisha teksi akaenda hospitali.

Ndivyo ilivyotokea kwamba, katika wanaume wa ukoo ule, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkuta Marceline kwenye benchi la veranda ya wodi ya watoto. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya padri. Désiré alimuuliza hali ya mtoto, akaambiwa anapumua vizuri, amelala. Akakaa upande wa pili wa benchi, kofia mapajani. Baada ya muda Marceline alisema hana simu, na Gauthier huko aliko lazima ana wasiwasi. Désiré akatoa yake. Hakusema kwamba Gauthier amekwisha kumpigia. Alisema tu, ukitumia hii labda hatapokea.

Gauthier alipokea mara moja, kwa hasira, akiwa tayari na maneno mengine.

"Ni miye," Marceline alisema.

Gauthier akauliza yuko wapi, kwa nini ana simu ile, nani alivunja mlango.

"Miye njo nilibunja."

Akamweleza. Hakupamba na hakumlaumu. Alisema mvua, mbabula, kiti, namba iliyokataa, vioo, Clément. Alisema Bénie yuko kwenye oksijeni na ataruhusiwa kesho kama Mungu akipenda.

"Mama, nilituma ujumbe," Gauthier alisema. "Namba mupya nilikutumia asubuhi."

"Ilifika," alisema Marceline. "Iko ndani ya nyumba."

Gauthier aliomba ruhusa kazini akaja Jumamosi, na mke wake hakumruhusu aendeshe gari peke yake katika hali ile, kwa hiyo alikuja kwa basi. Bénie alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, amekonda, anadai soda. Gauthier alimbeba muda mrefu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli ya zamani ya Clément. Mchana Désiré akaitwa, na Chola, wakakaa sebuleni.

Gauthier alianza na aliyemkosea kwanza. Alipiga goti mbele ya Désiré, akapiga makofi polepole jinsi baba yake alivyomfundisha kuwasalimu wakubwa, akasema maneno aliyoyatoa kwenye simu yalikuwa ya uongo, na kwamba anaomba yasibaki juu ya kichwa chake. Désiré alimwacha pale chini muda kidogo. Kisha akamwambia ainuke. Alisema amesamehe. Lakini kwa kuwa alitukanwa mbele ya wageni, akaongeza, ingefaa kuonyesha kwamba ukoo umepona: kitasa kikirudishwa, na yeye awe na namba yake. Ni nyumba ya ndugu yake.

Wote walimtazama Gauthier, na Gauthier akafungua mdomo. Marceline akaweka mkono juu ya goti la mtoto wake.

"Baba Désiré, ulikuya pa hospitali mbele ya bote," alisema. "Ulinipa simu yako, hata kama moyo ilikuwa inakuuma juu ya matusi ya Gauthier. Ile sitaisahau mpaka nakufa. Lakini siku ya suti haukupiga odi. Kwa hiyo namba, hapana. Ukikuya, piga odi, nitakufungulia miye mwenyewe, utakula. Ukikuta siko, kiti iko pa veranda."

Désiré alitafuta usoni mwa Chola, dada yake, msaada. Chola alikuwa akitazama viganja vyake vilivyofungwa. Désiré alicheka kidogo, bila furaha, akasema mjane amejifunza kuzungumza. Alikunywa chai yake hadi mwisho, asije akasemwa amesusa, akaaga.

Alipotoka, Marceline alimgeukia mtoto wake.

"Uliona muntu anaingia na namba yangu. Juu ya nini haukuniuliza?"

Gauthier alifikiria. "Nilijua nikikuuliza, utamukinga tu."

"Njo vile. Ningemukinga. Na ungejua ni tantine yako na samaki yake."

Gauthier alimtazama Chola. Kwa mara ya kwanza aliona vidole vilivyovimba nje ya kitambaa, akainamisha kichwa. Alisema ataondoa kila kitu, kisanduku na vyote, warudie kufuli la kawaida. Alidhani ndicho mama yake anachotaka. Marceline akamshangaza. Alisema hapana, kitasa anakipenda. Akirudi kutoka shambani na mzigo kichwani hahitaji kutafuta ufunguo kifuani. Na tangu kiwekwe hakuna kabati lililofunguliwa. Kilichomshinda ni kukaa katika nyumba yake kama mgeni wa simu iliyoko Kolwezi.

Kwa hiyo Gauthier alitafuta kitasa kingine mjini, na safari hii hakukifungua boksi mpaka mama yake alipokaa karibu. Wivine aliweka programu kwenye simu ya Marceline. Ilichukua Jumapili nzima baada ya misa. Marceline alikosea, akarudia, akaandika jina lake kwa herufi kubwa pale palipoandikwa mwenye nyumba. Gauthier alipendekeza naye aandikwe wa pili mwenye mamlaka, kwa usalama tu, likitokea jambo. Mama yake alisema likitokea jambo, Wivine yuko. Kati ya funguo za chuma, mmoja ulikwenda kwa Clément, mwingine Wivine akauning'iniza pamoja na za kituo chake. Gauthier alipata namba ya kuingilia, kama mtoto yeyote wa nyumba, na haikuonyesha kitu kingine chochote kwenye simu yake. Clément alipomtania kwamba sasa amekuwa mpangaji, hakucheka. Lakini usiku ule alilala hadi jua likachomoza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msiba.

Kwa Chola ilikuwa vigumu zaidi. Marceline alimwita achague namba mwenyewe, na Chola akakataa. Alisema alikuwa na ufunguo wa kaka yake, akanyang'anywa. Akapewa namba kwa siri kama kitu cha wizi, na kwa ajili ya siri ile mtoto nusura afe. Samaki wake amekwisha kuwahamishia kwenye friza la mtu mwingine. Hakuwa na hasira na Marceline. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kujadiliwa mlangoni.

Marceline hakubishana. Aliendelea kumpelekea dawa ya mikono, na mboga za shamba. Mikono ilipopona walikaa tena pamoja kwenye veranda alasiri, wakichambua maharage, na siku moja Chola, bila kuinua macho, alitaja tarakimu: mwaka aliozaliwa Constantin. Marceline akaziingiza. Chola hakuzitumia. Aliendelea kuita "odi" kutoka langoni, hata mlango ukiwa wazi na Marceline amesimama pale pale akimwona.

Msimu wa mvua ukaisha hivyo. Mahindi yakakauka. Marceline alikuwa Annexe siku ya kuvuna, mgongo umeinama, alipohisi simu ikitetemeka kiunoni. Alijipangusa mikono akaitazama. Ilisema Chola ameingia.

Alisimama kidogo akiwa nayo mkononi. Kisha akampigia.

"Chola, sababu uko ndani," alisema, "niangalilie kama Bénie alikula."

Marceline akasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa.

"Alikula nusu," Chola alisema. "Namumalizisha sasa."